Jina la Kiwandani

New York, Novemba 1894

Mpenzi dada Winifred,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Natumai nyote ni wazima na kwamba mtoto kikohozi kimemwacha. Mimi si mgonjwa. Nakula, nalala, naenda kazini.

Bado niko kwenye kiwanda cha maboksi ya karatasi. Uliuliza kama nimeacha zile riwaya za senti kumi unazosema zitaniharibu akili. Sijaacha, dada. Kila mchana mmoja wetu hutusomea, sisi tukila mikate na gundi ingali vidoleni. Msichana mgeni akija, siku hiyo hiyo anavuliwa jina la kwao na kupewa la bibi mkubwa wa riwayani. Akisema anaitwa Bridget, wanamcheka: "Bridget wa wapi, shoga? Majina ya wafua nguo yaache mlangoni!"

Aliyekaa kando yangu tulimwita Isolina Ravenhurst. Alikuwa na maneno huyo! Akikunja boksi lililopinda, anasema hilo ni la kofia ya msimamizi. Mwezi uliopita homa ya mapafu ilimwangusha, na tulipofika hospitali alikuwa amekwisha kufa. Muuguzi akauliza jina lake. Tulilijua lile la riwayani tu. Hata mwenye nyumba aliyempangisha chumba alimjua kwa hilo hilo. Marehemu alipata kutuambia tu kwamba mama yake anafuga bata karibu na mto. Mito ni mingi, dada. Jiji limemzika kama Isolina Ravenhurst, na mama yake hajui.

Wenzangu walilia sana. Mimi sikulia. Nilirudi kukunja maboksi, na mpaka leo moyo umekufa ganzi.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakwambia. Mimi pia hapa sijulikani kwa jina langu. Juzi wakati wa chakula nilisimama nikawatajia jina langu, la baba na la kwetu Troy. Wakadhani nawachekesha. "Geraldina, kaa bwana, unatukatizia hadithi, na bwana harusi ndiyo kwanza anaingia!" Nikakaa. Nilisikiliza mpaka mwisho, na ilikuwa tamu.

Kwa hiyo naomba ulishike wewe: Geraldina Ashcourt. Ukisikia amekufa, hata kama ni habari ya kupita tu, usiseme humjui. Njoo unichukue.

Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na shemeji mwambie soksi zimefika, zinanitosha.

Ni mimi mdogo wako,
Philomena Gaffney