Nyuki Mmoja kwa Msimu

Baba,

Migunga imechanua tena huku Gachoka, na mizinga yako yote ina nyuki isipokuwa ule wa karibu na kisima, ambao umeingiliwa na mchwa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Wewe ulikuwa unauliza nyuki, halafu watoto, halafu ng'ombe. Mvua hukuiuliza kabisa, ulisema mvua ya Mbeere haina habari.

Koti lako la kurina asali bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Njeru alitaka kulichoma baada ya mazishi yako, nikamwambia akiligusa tutajuana. Huyo mwanao hajabadilika. Bado anaogopa kupanda mti, na bado anajifanya hataki tu. Mwaka jana alileta mtu hapa nyumbani achukue mizinga yote. Ati mimi ni fundi cherehani, nimekaa Embu mjini, na tena nyuki walishanikataa. Yeye hawezi kupanda, mimi siwezi kukaribia, sasa tunaweka ya nini? Nililia huko nyuma ya ghala, Baba, kama mtoto.

Unakumbuka ile salamu? Kila msimu wa asali, kabla mtoto hajaonja hata tone, ulimshika nyuki mmoja kwa mabawa ukamweka hapa ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Mmoja tu kwa msimu, basi. Ndivyo baba yako alivyokufanyia, na yeye alifanyiwa na babake, ili nyuki waijue damu ya nyumba. Mimi nilikunja uso, na wewe ulinipulizia mkono ukisema, "Usilie, Mama, ni salamu tu." Uliniita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako, na hukuwahi kuniita vingine, hata uliponichapa. Kisha ulinikatia sega lenyewe, nikalitafuna mpaka nta ikabaki kama chingamu mdomoni. Haki, nataka siku moja tu ya siku zile.

Salamu ya kwanza haikuwa kitu. Ya pili mkono ulivimba mpaka begani, na ulifurahi, ukawaambia watu, "Mnaona? Mwili unazoea." Ya tatu ndiyo ile. Viganja vilianza kuniwasha, midomo ikawa mizito, halafu koo likafunga. Nakumbuka mgongo wako. Nakumbuka ukikata katikati ya shamba la ndengu la watu ukinibeba, ukikimbilia barabarani, ukiuliza na ukiuliza, "Mama, unapumua? Mama, unapumua?" Lori la mchanga lilitupeleka Embu. Nilipofumbua macho ulikuwa umekaa kando ya kitanda umevua kofia.

Baada ya hapo hukunikubalia hata kusimama chini ya mti wenye mzinga. Njeru hakupata salamu tena. Na wewe hukunisalimia tena kama watu wanavyosalimiana. Asubuhi, "Mama, unapumua?" Ulipopata simu, ukanipigia kazini ukipiga kelele kana kwamba waya unapita chini ya ardhi, "Mama, unapumua?" na wateja wangu wakacheka. Nilikujibu, "Ninapumua, Baba," halafu ndipo tulianza habari. Nilidhani ni mzaha wetu. Ni juzi juzi nimeelewa kwamba ulikuwa unauliza kweli.

Ulipokuwa unaumwa uliniambia yale maneno. Kwamba nyuki walinikataa, na ni mkono wako ulionipeleka kwao vibaya. Nilikuambia wacha hizo, Baba, pumzika. Sasa jibu ninalo, na wewe hupo tena. Hilo ndilo linaniuma.

Baada ya yule mtu wa Njeru kuja, nilienda Nairobi kumwona daktari wa mambo haya. Ni mama mmoja mpole, anaongea pole pole. Hakuanza na nyuki. Aliniuliza kwetu nani alikuwa anafua koti la kurinia. Nikashangaa. Nikamwambia ni mimi, na kila nikilifua mikono ilikuwa inaniwasha. Akatikisa kichwa akaandika.

Sikiliza alivyonieleza, nitakueleza kifundi. Ndani ya sumu ya nyuki kuna vitu vidogo ambavyo mwili unavitambua kwa umbo lake kwamba hivi si vyangu. Wanaviita antijeni. Mwili ukikutana na antijeni mara ya kwanza hauna haraka. Unaichukua vipimo, kama ninavyompima mteja kiuno na mabega, kisha unatengeneza kingamwili za kuitosha hiyo tu. Ya surua haitoshi nyuki, na ya nyuki haitoshi surua. Mgeni akiondoka, mwili hautupi vipimo. Siku akirudi hakuna kupima tena, ni kushona mara moja. Ndivyo chanjo inavyowakinga watoto. Inauonyesha mwili mgeni aliyekwisha kunyang'anywa nguvu, ili mwenye nguvu akija akute kazi iko tayari.

Sasa mimi, mwili wangu ulikosea mtindo. Kwa sumu kidogo tu ulitengeneza kingamwili za hasira, zikajipachika kwenye chembe za ngozi, za koo, za mapafu, zikakaa zikingoja. Nyuki wa tatu alipoleta antijeni ile ile, chembe zote zilipasuka pamoja. Kilichonifunga koo ni kinga yangu mwenyewe, Baba. Sumu ya nyuki mmoja ilikuwa kitu kidogo.

Nikamuuliza, mbona babangu alidungwa uso mzima na akaenda kunywa chai? Akasema wewe ulidungwa mara nyingi, mfululizo, mpaka mwili wako ukabadilisha mtindo. Ukawa na kingamwili za aina nyingine, nyingi, za kuidaka sumu kabla haijafikia zile za hasira. Nyuki ni wale wale, sumu ni ile ile. Tofauti ni kiasi chake na jinsi mwili unavyokutana nayo. Anasema watu wanaoishi na mfuga nyuki hupatwa na haya kuliko mfugaji mwenyewe. Kidogo leo, kimya miezi mingi, kidogo tena, na vumbi la koti katikati.

Nilikasirika. Nilimwambia daktari, babangu alinipenda. Akaniangalia, akasema, "Dada, sijasema hakukupenda. Nimesema hakujua. Hata sisi wenye vitabu tulichelewa kujua."

Kwa hivyo nyuki hawakunikataa, Baba. Hawakunijua wala hawakunichukia. Ni damu yangu iliyowakumbuka kupita kiasi.

Na dawa yake utacheka. Ni sumu hiyo hiyo! Wanakudunga chembe ndogo mno, wanakuangalia, ukirudi wanaongeza kidogo, mpaka mwili ujifunze mtindo kama wako, Baba. Njeru aliposikia alishika kichwa. "Unatoka hapa unaenda Nairobi kudungwa kitu kilichotaka kukuua? Dada, uko sawa kweli?" Nimeenda hata hivyo, na bado naenda.

Wiki hii nilipanda mgunga wa kwenye mawe. Nilivaa ovaroli niliyojishonea, na wavu usoni, nikafukiza moshi wa mavi ya ng'ombe kama ulivyofanya. Njeru alisimama chini ameshika sindano yangu ya dharura, ile ya kufungua koo niliyopewa na daktari, kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Asali ilikuwa nyeupe, ile ya migunga. Nikiwa nashuka, nyuki mmoja akapita chini ya glavu akanidunga kwenye kifundo cha mkono.

Nilikaa chini. Nilingoja viganja viwashe, midomo iwe mizito. Kutoka mdomoni mwa Njeru, sijui aliyatoa wapi, yakatoka maneno yako, "Dada, unapumua?" Tuliangaliana. Tukalia sote wawili pale chini ya mti, watu wazima, na asali ikijaa siafu. Mkono ulivimba kama harage, Baba. Harage tu.

Mizinga haiendi popote. Salamu nimeikomesha. Binti yangu atapewa sega kwanza, na koti hatalifua. Sindano haitoki mfukoni mwangu, na ule mzinga wa kisimani nitautoa mchwa kabla ya mvua. Hayo nakuahidi.

Pumzika sasa. Wakikuuliza huko uliko nani anatunza nyuki, waambie ni mama yako.

Ninapumua, Baba.

Wako,
Ciarunji