Samaki wa Ukumbini

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Shikamoo yako imenifika hapa Ngamiani. Mama yako hajambo, ila mguu bado wamsumbua.

Umeniuliza niliwezaje kuweka nyumba safi na watoto wadogo, maana mapacha wako wamekushinda. Niliweza, mjukuu wangu, na ndilo linaloniuma.

Mjomba wako Salimu, ambaye hukumwona, alikuwa na miaka mitatu. Siku ya kuamkia Idi alichukua kipande cha makaa akachora ukuta wa ukumbini, niliotoka kuupaka chokaa. Nilimpiga kofi. Akawa analia huku ananionyesha: "Mama, samaki." Sikutazama. Nilipaka chokaa tena, na wageni wa Idi wakaisifu nyumba.

Mwezi haukuisha, surua ikamchukua. Tulipoanua matanga nilikaa chini pale nikaukwangua ukuta kwa kijiko, namtafuta yule samaki. Nilikwangua mpaka nikafika kwenye udongo.

Lile shimo ninalowakataza kuliziba ndilo hilo.

Wanao wakichora, tazama kwanza wamechora nini. Kufuta kupo tu.

Bibi yako,
Mwanakombo