Mlango Uliopakwa Rangi Jana

Jumapili, usiku

Nilimwambia jana asipake rangi mlango wa kanisa, kwa mvua hii haitakauka. Mume wangu akajibu kwamba askofu mpya hapokelewi kwa mlango uliochakaa. Yeye huyo, mzee wa kanisa, ambaye tangu uchaguzi wa askofu anaapa hatamwita "Baba" mtu aliyezaliwa yeye akiwa ameshaoa! Rangi akainunua Mabatini. Siku hizi madukani hukosi kitu.

Leo askofu amefika, akagonga mlango mara tatu kwa fimbo yake, kama ilivyo desturi. Sisi ndani tukaimba, mume wangu akavuta. Mlango umegandana na fremu. Akavuta tena, jasho linamtoka, na nyuma yangu nikasikia watu wakinong'ona kwamba amefanya makusudi. Nilitamani ardhi...

Ndipo sauti ikatoka nje: "Vuta, mzee, na mimi nasukuma."

Ukafunguka kwa kishindo. Askofu nusura aanguke, bega zima la joho lake jeupe limekuwa kijani. Kwaya ikanyamaza. Akamtazama mume wangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba."

Kanisa zima lilisikia, hata waliokuja kutafuta ugomvi.

Sijui kama tutapatana kweli. Uchaguzi ule ulitugawa vibaya, na wapo ambao leo hawakuja kabisa. Lakini joho liko hapa sebuleni, na anayelisugua kwa mafuta ya taa, taratibu kama anamwogesha mtoto, si mimi.