Neno "Mama" Lisifutwe

Karagita,
Jumapili mchana

Kwako mwanangu Kamau,

Baridi ya Molo imekuachia kifua? Na ng'ombe wangu usimpe viazi vilivyooza. Mimi magoti yamechoka lakini mdomo ni mzima. Naandika kwa sababu kwa simu ukigombezwa unasema netiwaki imepotea. Karatasi haipotei.

Ni habari ya kitabu cha binti yako Wangari, huyu niliyemfuata huku nimshikie mtoto akienda kazi ya maua. Juzi alinipeleka Nakuru kwa yule wa kuchapisha vitabu. Kijana tu. Karatasi zote amezichora wino mwekundu.

"Mathe, msomaji atapotea," akaniambia. "Ukurasa huu Wangari ni mtoto mchanga, baba yake anamwita mama. Ukurasa wa pili ni shosho mwenye wajukuu, amebaki na meno mawili. Hawa ni watu wangapi?"

"Meno ninayo matano," nikamwambia. "Na wewe boss, ulipewa jina la nani?"

"La guka yangu, baba wa baba."

"Na shosho yako anakuitaje?"

Akajikuna kichwa. "Bwanangu."

"Ukapotea?"

Alicheka mpaka akapangusa macho. Halafu akasema hayo ni ya nyumbani, kitabu ni kitabu. Wangari asiporekebisha, hachapishi.

Kamau, mimi niliachia darasa la tatu. Lakini msichana aliponisomea nilijisikia humo. Naingia shambani nikiwa bibi harusi, natoka nikiwa mjukuu wangu, na sentensi haijaisha! Maombi ya kanisa, kelele za kuuza viazi, nyimbo za harusi yangu, vyote amevisonga pamoja kama viazi na mahindi ya mukimo. Nani huomba atenganishiwe mukimo?

Na wewe ukampigia: "Kubali tu, kichapishwe." Aibu! Ni nani alimpa jina langu, akamshika akiwa na siku moja, akasema, "Karibu, mama"? Nilikuwa hapo kando.

Sasa Wangari ameanza kufuta. Kila penye "mama" anaandika "mwanangu". Leo asubuhi amefika ukurasa wa kumi, nikamnyang'anya kalamu. Ndiyo hii ninaandikia.

Mpigie leo. Mwite vile umemwita tangu azaliwe, umwambie aache. Hapo nitamrudishia kalamu.

Msalimie mke wako, na dada yangu akishuka kutoka kanisani, na shemeji yako mwenye lori aliyekuletea barua hii, mpe chai.

Ni mimi mama yako,
yule mkubwa.