Jina Lisilotajwa na Viatu Mguuni

Jumamosi, Juni 2015. Jua lipo, lakini baridi ya Joburg haijali jua. Vidole vinauma hata kubonyeza simu.

Asubuhi umeme ulikatika hapa karakana, Jeppestown. Mashine zikanyamaza, na ndipo nikamsikia vizuri Mzee Mohan, fundi wetu kutoka Rajasthan, India, akiimba. Miaka miwili tunachomelea mageti pamoja, nilidhani ananung'unika tu.

Nikamwomba anieleze. Akaeleza kwa kile Kiingereza chetu cha kuokoteza. Wimbo ni wa shujaa wa kwao wa zamani. Wezi wenye farasi waliswaga ng'ombe wa mjane, naye akawafuata na watu saba tu. Alipigana mpaka vivuli vikageuka upande. Upanga ulipovunjika, akaendelea na kipini. Ng'ombe walirudi wote.

Yeye hakurudi.

Nikauliza jina lake. Mzee akavua buti, akavua na soksi. Kwao jina hilo halitajwi na viatu mguuni. Akasimama kwenye sakafu ya saruji, baridi kama barafu, akalitaja mara moja.

Ilunga, Mkongo wetu mwenye mdomo, akacheka: "Papa, utakufwa na baridi juu ya muntu hata haukumuona." Mimi nilisisimka mwili mzima.

Silitaji hapa. Naandika nikiwa na buti.

Lakini kilichonipiga zaidi si vita. Kabla ya kuondoka, shujaa alimdanganya mama yake kwamba anakwenda kununua chumvi. Mama akamtazama kiunoni, akasema, "Mwanangu, chumvi hainunuliwi kwa upanga." Mtu asiyeogopa jeshi akapiga magoti, akasema kweli. Ndipo mama akamfunga kilemba kwa mikono yake.

Mama yangu kule Muheza anajua nafanya kazi benki, Sandton, mtaa wa matajiri hapa Joburg. Sandton nimefika mara moja, kupachika geti. Nikapiga picha mbele ya jengo la vioo, nikamtumia. Ameitundika sebuleni.

Jumapili iliyopita alinisikia nakohoa kwenye simu. "Benki kuna vumbi gani, mwanangu?"

Nikacheka, nikasema ni mafua.

Leo ndiyo naelewa kwamba hakuwa akiulizia vumbi.

Sina upanga, na sijaokoa hata mbuzi. Kesho Jumapili nitampigia, nimwambie nachomelea mageti.

Buti nitavua kwanza.