Picha Tatu za Mama

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Baba Mdogo na mapacha hawajambo? Sisi huku wazima, na leo neno hilo naliandika bila woga.

Uvimbe wa mama umenywea. Ulikuwa sentimita sita, sasa ni mbili. Nimeanza na hilo usije ukasoma roho ikiwa mkononi.

Sasa nina la kuungama, na kwenye simu ningeishia kukohoa tu. Ile picha ya pili ya hospitali, ya mwezi wa tatu, niliwadanganya. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza na msomaji wa nyumba ni mimi. Ilisema uvimbe haujabadilika. Mama nywele zote zilikuwa zimekwenda na zile dawa, ananitazama mdomoni. Nikasema umepungua. Nawe nikakwambia hivyo hivyo. Tangu hapo kila akitapika nilijiona mimi ndiye ninayemtapisha.

Alhamisi tulifuata majibu ya picha ya tatu. Daktari akazipanga zote kwenye kompyuta. Ya kwanza na ya pili zilikuwa sawasawa, hata mtoto angeona. Mama akanigeukia.

"Wewe si ulisema umepungua?"

Nikatazama viatu vyangu. Daktari ndiye aliyeniokoa. Alisema uvimbe ule ulikuwa ukikua kila mwezi, kwa hiyo kusimama tu kulikuwa ushindi. Dawa ilishaukaba koo. Kumbe Kiingereza nakijua, ugonjwa siujui. Niliwaficha habari njema nikidhani ni mbaya.

Mama hakunigombeza mle ndani, unamjua dada yako. Alingoja tufike kwenye mabenchi ya wagonjwa, akanipa ripoti mpya.

"Soma. Kwa sauti. Na usinitilie chumvi, mwili ni wangu."

Mimi, Mama Mdogo, ninayekimbilia chumbani mgeni akipiga hodi, nilisoma mbele ya watu kama ishirini. Nilipofika kwenye sentimita mbili, mzee mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake akasema, "Hapo rudia, binti." Nikarudia. Mara tatu.

Imebaki mizunguko miwili ya dawa, kisha picha nyingine. Nimeahidi kusoma kilichoandikwa, na nisichokielewa nitauliza. Nawe nisamehe.

Nisalimie Baba Mdogo, mapacha, na bibi mkipigiana simu. Mungu awatunze hadi tuonane.

Ni mimi mwanao nikupendaye, uliyezoea kuniita Kimya. Mama siku hizi ananiita Redio.