Kitambaa Chekundu, Kitambaa Cheupe

Jumanne, 3 Septemba 1996

Kesho Badrudin anakuja kununua zabibu. Tangu ushirika ulale, yeye ndiye bwana. Na macho yake ni kwa tenga la bi mdogo Anjelina tu, lile lililofunikwa kitambaa chekundu. Langu la kitambaa cheupe analipita kama halipo. Shamba moja, mume mmoja! Siri ya Anjelina naijua — anaosha zabibu zake mtaroni mpaka zing'ae. Mimi sioshi. Mume wetu Mazengo naye eti nijifunze kwake. Nijifunze! Mimi niliyemfundisha kupogolea!

Nimebadilisha vitambaa. Basi.

Jumatano, 4 Septemba

Nilijua! Badrudin kachukua tenga la chekundu — zabibu zangu zile, nimezifuta vumbi kwa kanga — akamsifu Anjelina mbele ya mume wetu. La cheupe kaliacha. Kumbe hatazami zabibu, anatazama kitambaa. Na sifa kala yeye!

Ijumaa, 6 Septemba

Badrudin karudi, safari hii na bwana afya. Wiki iliyopita wageni wa harusi mjini waliharisha baada ya kula zabibu za kitambaa chekundu. Huenda ni vijidudu vya mtaroni, maana maji taka yanaingia mle. Vipimo bado. Ila kila tenga la chekundu lirudishwe, lifukiwe.

La juzi likafukiwa mbele yetu. Zabibu zangu, safi kabisa! Wala sikuumia. Anjelina alilia, Mazengo hakumtazama. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi sana. Bwana afya akaniuliza zangu naoshea wapi. Nikajitutumua — mimi sioshi. Akasema basi za cheupe hazina neno, kuleni.

Lile la cheupe lililobaki ghalani, zabibu zake ni za Anjelina. Kesho wakienda shamba nitalimwaga kimyakimya.

Jumamosi, 7 Septemba

Ghalani hamna kitu.

Mazengo kalifunga kwenye baiskeli asubuhi hii, kaenda nalo Kizota kwa mwanangu Evelina. Ana mimba ya miezi minane! Na aliyemtuma ni Anjelina. Macho yake bado yamevimba kwa kulia.

"Nilisema angalau mwanetu ale zako, dada. Zako ni salama."

Nimekimbilia kwa jirani, Fabian, mwenye pikipiki. Kakubali kwenda. Nimechana karatasi humu humu, nimeandika: Evelina, usile. Lakini baba yake atabisha tu, bwana afya si kasema za cheupe hazina neno? Lazima niandike ni za nani, na nani kabadilisha.

Anjelina kanifuata mpaka hapa, kaisoma karatasi.

"Asile kwa nini, dada?"

Fabian keshawasha pikipiki, ananisubiri. Nami naandika humu badala ya kuandika pale kwenye karatasi.